Koma Hashukuru

Walituletea makoti kabla ya kutuletea salamu. Ndege ilikuwa haijazima injini, na mhudumu wa shirika alikuwa tayari anapita kwenye viti akigawa makoti mazito ya rangi ya udongo, kila moja na nembo kifuani: kichwa cha sanamu chenye mdomo wazi. Shangazi Mbodze alilikataa lake. Alisema hawezi kuvaa nguo yenye mtu anayepiga mwayo. Mume wangu Lugo, ambaye tangu nimfahamu hajakataa kitu cha bure, alivaa lake, na lile la Shangazi akalikunja akalitia kwapani.

"Akiba haiozi," alisema.

Binti yetu Mbeyu alikuwa ameshapotelea ndani ya koti lake, zimebaki pua na viatu.

Kisiwa chenyewe kiko kusini sana, mbali na kila mtu. Hakina mti hata mmoja. Kina nyasi fupi, mawe meusi na upepo usiopumzika. Juu ya kilima zimesimama sanamu za kale kutoka kila pembe ya dunia, za mawe, za shaba, za miti, zikitazama bahari ambayo nyingi kati yake hazikuwahi kuijua. Nchi zilipoanza kuhama kwa ajili ya jua na mafuriko, shirika linaloitwa Jadi Hai lilizunguka likikusanya sanamu za waliohama. Neno lao ni kuokoa. Mtu akiingia kwako umetoka, akabeba kitanda chako, kisha akakwambia amekiokoa, wewe utamwitaje?

Na sisi hatukuhama. Tuko Bamba mpaka leo, ambako mimi ni fundi wa mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya visima. Kilichohama ni kigango cha babu yake Shangazi, Mzee Mwavuo, na hakikuhama kwa miguu yake.

Wao hukiita sanamu. Kwetu hakijawahi kuwa sanamu. Mzee wa Gohu, chama cha wazee wetu wenye heshima, akifa, watu wake humchongea nguzo ya mti mgumu, yenye kichwa cha mviringo na pembetatu zilizokatwa mwilini. Huisimamisha, wakaivika vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi, wakaimiminia pombe ya mnazi, na kuanzia hapo nguzo ile ni yeye. Haihamishwi. Hata wenye mji wakihama, yeye hubaki, na kuna atakayerudi kumtazama. Shangazi alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi siku aliyofika pale akakuta shimo tu. Wezi walikuwa wamemvua vitambaa vyake na kuvitupa kwenye miiba, kisha wakamuuza mpaka akafika kwa Jadi Hai.

Ndiyo maana kwenye mkoba wake Shangazi alikuwa na vipande vitatu vya nguo mpya na kibuyu kidogo cha mnazi. Lango la kilima lilikuwa na mashine ya kukagua, na mashine ikavikataa vyote. Nguo ya nje huleta wadudu, walisema. Mnazi huleta kuvu. Wakavitia ndani ya sanduku la chuma mbele ya macho yake.

"Mnaogopa wadudu kutoka kwetu," aliwaambia. "Siku ile mlipokuja kwetu, sisi hatukuwakagua."

*

Aliyetupokea ni Bwana Shekuwe, mtu wa asili ya Lamu, ana Kiswahili kitamu na mikono isiyotulia. Bila shaka Kiswahili hicho ndicho kilichofanya atumwe kwetu.

"Shikamoo Bibi," alimwambia Shangazi.

"Marahaba. Yuko wapi?"

Alitupeleka. Nilikuwa nimemwona Mzee Mwavuo kwenye picha moja tu iliyofifia, lakini nilimtambua kwa mbali, kwa sababu kati ya majitu yote ya mawe yeye alikuwa mwembamba na yuko uchi. Wamemsafisha mpaka anang'aa. Miguuni wamemtilia kitako cha chuma, na kwenye chuma kuna taa ndogo nyeupe.

Bwana Shekuwe alisimama kati yetu na yeye akaanza maelezo. Sheria ya Wenye Damu, alisema, hairuhusu kitu chochote kusema kwa jina la marehemu mbele ya wageni bila idhini ya mkubwa wa ukoo. Ndiyo maana shirika limetugharimia safari. Idhini hutolewa kwa mdomo, mbele ya sanamu, sanamu ikiwa inasema, na hufungwa pamoja na sauti ile ile inayosikika wakati huo.

"Ikishafungwa, hata sisi hatuwezi kubadilisha neno," alisema kwa fahari. "Wala hatuwezi kumficha. Anakuwa na haki ya kusimama hapa mbele ya wageni, mpaka arudi kwao. Tuliyaweka haya ili familia ziwe na amani."

"Na Shangazi akikataa?" niliuliza.

"Basi atanyamaza, Mama, na tutamlaza ghalani. Sanamu bubu hazikai mlimani."

"Kwa nini asirudi kwao sasa hivi? Tuna nafasi kwenye ndege."

Alitabasamu namna wanavyotabasamu watu walioulizwa swali hilo mara nyingi. Kurudishwa kunahitaji jengo lenye ulinzi na hewa inayodhibitiwa. Nilimwambia mzee huyu alisimama Bamba kwenye jua la Mungu miaka na miaka bila feni. Akasema anaelewa uchungu wangu. Sijui kama kuna maneno yanayonikasirisha kuliko hayo.

Kisha akagusa bangili mkononi mwake, na taa ikawa ya buluu.

"Karibuni, wanangu," kigango kikasema. "Nimefurahi sana kuwaona. Poleni kwa safari."

Mbeyu alinishika mkono.

"Mama, huyo ni Babu Kombe."

Alikuwa ni Babu Kombe. Baba yangu alikuwa msomaji wa matangazo ya vifo redioni, na kila jioni pwani nzima ilikaa kimya kumsikiliza akitaja wafiwa, mashangazi, wakwe na watani, taratibu, bila kuruka jina. Tumemzika juzijuzi. Nilitia udongo kwa mkono wangu mwenyewe. Na sasa alikuwa anatoka kwenye mti, katika kisiwa cha mwisho wa dunia, akinipa pole ya safari.

Shangazi aliketi chini kwenye jiwe. "Kombe?" aliita kwa sauti ndogo.

"Mimi ni Mwavuo, mjukuu wangu. Nimestarehe hapa. Nawashukuru wote mliofika, na nalishukuru shirika kwa kunitunza."

"Babu, husikii baridi?" Shangazi aliuliza.

Kikanyamaza kidogo. "La, mjukuu wangu. Hapa pananifaa sana."

Shangazi alifunika uso kwa viganja akalia, na kilio chake hakikuwa cha huzuni. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilimvuta Bwana Shekuwe kando nikamtaka anieleze. Alieleza bila haya. Kabla ya safari shirika lilituomba mate yetu kwenye vichupa, nasi tukayatuma; mashine iliyasoma, ikapiga hesabu ya taya na koo la Mzee Mwavuo. Katika uzao wake wote, koo lililolingana na lake karibu sawasawa ni la baba. Kituo cha redio kilikuwa na hazina ya sauti yake, na shirika likainunua.

"Kwa hiyo mmenunua koo la baba yangu."

"Tumenunua kumbukumbu za kituo, Mama. Kisheria..."

"Na maneno? Maneno mmeyanunua wapi?"

"Maneno hutoka kwa familia zenyewe. Bibi ametusaidia sana."

Ikanipambazukia hapo hapo. Kulikuwa na binti mwenye sauti nzuri aliyekuwa akimpigia Shangazi simu kila wiki kumjulia hali. Shangazi aliamini ni mjukuu wa binamu yake wa Mombasa, na sisi tulimsifu mtoto huyo kwa malezi mema. Sasa, kwetu koma, yaani marehemu mwenyewe, akimjia mtu usingizini, mtu huyo hakai na ndoto peke yake. Asubuhi humwambia mtu wa ukoo. Na mtu wa ukoo aliyekuwa kwenye simu ni yule binti, kumbe ni wa shirika. Mwanamke mzima aliwamiminia ndoto zake zote, na wao walikuwa wamekinga ndoo.

*

Walitupa chakula kwenye ukumbi wa vioo. Lugo alikula. Mimi nilizungusha kijiko.

"Usikubali, Shangazi," nilimwambia. "Mkatalie. Anyamaze."

"Nimemsikia ndugu yangu, Nyevu. Unataka nimzibe mdomo?"

"Yule siye Baba. Ni mashine."

"Najua siye. Redio nayo haikuwa yeye, na niliisikiliza kila jioni." Alisogeza sahani. "Tangu afe nyumba yangu haina sauti. Ninyi mna mtoto. Mimi nina kuku."

"Watalipisha watu waje wamsikie akisema pananifaa, pananifaa. Watu waliomwiba ndio watakaosikia kwamba amefurahi kuibwa. Unaona sawa?"

"Akilala ghalani gizani ndiyo sawa?"

Nilizidi kukasirika. Mtu akikuibia, angalau akuachie upande mmoja wa haki wa kusimama. Hawa walikuwa wametupa pande mbili na zote ni matusi.

"Tuleni kwanza," Lugo alisema. "Hasira na njaa ni mzigo mzito."

Shangazi aliwaangalia wahudumu wakipita. Kisha akasema, "Lakini kuna kitu kinanikera. Ameshukuru."

"Nani?"

"Babu. Koma hashukuru, Nyevu. Tangu nizaliwe sijasikia. Akimjia baba yangu, ni kumwambia paa linavuja. Akinijia mimi, mnazi ulikuwa wa maji, ugali ulikuwa mbichi, mbona mmenisahau. Koma akiridhika hasemi kitu, hukaa kwake. Aliyesema ana malalamiko. Na ndoto zangu zote nilimwambia yule binti hivyo hivyo. Mimi sikumpa shukrani hata moja. Hizi wamezitoa wapi?"

Nikaweka kijiko chini. Nilikumbuka ule ukimya mdogo alipoulizwa habari ya baridi. Kwenye mtambo wangu ukifungua bomba na maji yakachelewa kutoka, si kwamba hakuna maji. Yanapita kwanza kwenye chujio.

*

"Kuna chujio," nilimwambia Bwana Shekuwe pale kilimani. Sikumwuliza.

Alitazama bangili yake, akatazama bahari.

"Mwanzoni alikuwa analalamika tu," alisema mwishowe. "Kila swali, analalamika. Tulileta wageni wa majaribio, wakarudi ndegeni wanalia. Mmoja alivua skafu akataka kumfunga. Watu hawaji mbali hivi ili wasemwe, Mama. Tukamlainisha."

"Mkamlainisha."

"Ndilo neno letu la kazi."

"Bwana Shekuwe, mlimnunua kwa wezi. Mkamfuta mpaka akabaki uchi kwenye baridi. Mkamtia koo la baba yangu bila kuniuliza. Mkamdanganya mwanamke mzee kwenye simu, mkamkomba ndoto zake. Na baada ya yote hayo, jambo mlilohisi bado halijakaa sawa ni kwamba mzee hana adabu?"

Mikono yake ilitafuta mahali pa kukaa isipate. Sikumwonea huruma. Lugo alikohoa, ndiyo njia yake ya kuniomba nipunguze sauti. Sikupunguza.

"Nataka kumsikia bila hicho chujio," Shangazi alisema.

"Bibi, hutapenda."

"Siwezi kumkubali mtu ambaye sijamsikia. Nisikilizishe, kisha nitasema neno langu."

Alifikiri. Niliona wazi anavyopiga hesabu: kikongwe atatishika, ataomba arudishiwe yule mpole, na mambo yataisha kabla chai haijapoa. Akagusa bangili mara mbili, akasogea nyuma.

Safari hii hakukuwa na ukimya wowote.

"Baridi," kigango kikasema. "Nani kanileta hapa? Vitambaa vyangu viko wapi? Nasimama uchi mbele ya wake za watu."

Sauti ilikuwa ya Baba, taratibu, kila neno likikaa mahali pake, kana kwamba anasoma tangazo la msiba wake mwenyewe. Mbeyu alijificha nyuma ya Lugo.

"Mmekuja mikono mitupu. Mtoto mmemvika, mimi mmeniacha. Mbodze, mbuzi walikuwa pale pale. Ulikuwa unatazama wapi?"

Shangazi alitikisika kama mtu aliyepigwa. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho hakuwahi kutuambia, ila alimwambia mgeni kwenye simu: kwamba swali hilo limekuwa likimwamsha tangu utoto wake.

"Nirudisheni. Hapa hakuna anayejua jina la mama yangu. Usiku mawe haya hayasalimiani."

"Zima," nikasema. "Bwana Shekuwe, zima."

Nilitaka azime kweli. Mimi ni fundi, najua chuma ni chuma, najua yale yalikuwa machozi ya Shangazi mwenyewe yamezungushwa kwenye waya yakarudi. Lakini kama nimekosea, na kama ndani ya kile kitu mna tone moja tu linalohisi, basi lilikuwa linahisi baridi kwa koo la baba yangu, na litaendelea kuhisi kila siku wageni wakija na wakiondoka. Bora kimya. Bora ghala. Bwana Shekuwe alishainua mkono.

"Usiguse," Shangazi alisema.

Alikuwa amesimama. Kilemba kilikuwa kimefunguka na upepo ulikuwa unakipeperusha.

"Mimi ni Mbodze binti Thoya wa Mwavuo. Ndimi mkubwa wa damu hii. Nimekubali babu yangu aseme. Aseme hivi hivi, kwa mdomo huu huu."

Taa kwenye chuma ikageuka kijani. Hakuna kingine kilichotokea. Bwana Shekuwe aligusa bangili, akaigusa tena, akaifinya, na taa ikabaki kijani.

"Bibi," alisema, na utamu wote wa Lamu ulikuwa umemtoka. "Bibi, hukuelewa..."

"Nimeelewa, mwanangu. Ulinieleza vizuri sana. Neno halibadiliki, na ghalani haendi. Mpaka arudi kwao."

"Atafukuza wageni. Atasema hivyo kwa kila mtu."

"Ndiyo."

"Shangazi," nilisema, "na yeye je? Unamwacha kwenye baridi hii akilia?"

Alinigeukia, na macho yake hayakuwa na ushindi wowote. "Alikuwa anasikia baridi kabla hujazaliwa. Tofauti ni kwamba nilikuwa namsikia peke yangu. Sasa na wao wamsikie."

Kisha akamnyooshea Lugo mkono. Lugo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alielewa haraka kuliko mimi. Akatoa lile koti kwapani akampa. Shangazi alilikung'uta, akaenda kwenye kigango, akakivika kama anavyovikwa mgonjwa, akafunga vifungo vyote mpaka juu. Nembo ya mdomo wazi ilikaa sawasawa kifuani.

"Hilo ni mali ya shirika," Bwana Shekuwe alisema.

"Basi halina wadudu."

Tukasimama tukingoja. Upepo ulipita. Nakiri nilikuwa nikitamani neno moja jema, hata moja, kutoka kwa sauti ile.

"Linawasha," kigango kikasema. "Na mnazi uko wapi?"

Shangazi alicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo asianguke, machozi yakimtiririka, na kati ya kicheko akawa anasema, "Ndiye. Ndiye huyu. Huyu ndiye wetu."

*

Tulipokuwa tunateremka kwenda uwanjani, ndege nyingine ilikuwa imetua na wageni walikuwa wanapanda kilimani, wamevaa makoti mapya, wanapigana picha. Upepo ulituletea sauti ya Baba kutoka juu, bila haraka, ikiuliza nani kamleta hapa. Waliotangulia walisimama. Wa nyuma wakawagonga mgongoni.

"Mama," Mbeyu alisema, "babu anasikia baridi kweli?"

Nilikuwa na jibu la kifundi, refu na safi. Sikulitoa.

"Sijui, mwanangu."

"Kama hujui, mbona tumemwacha?"

Nilimwambia tumemwacha aseme mpaka wachoke naye, wampakie wenyewe wamlete Bamba. Alinitazama kama anavyonitazama nikimwambia dawa si chungu. Bado natazamwa hivyo, na bado sijui nani nimkasirikie zaidi, wao walioniwekea swali hilo au mimi niliyeshindwa kulijibu.

Ndani ya ndege, yule yule mhudumu alipita kwenye viti akikusanya makoti. La Lugo, langu, la Mbeyu. Alipofika kwa Shangazi, ambaye alikuwa anatetemeka meno yakigongana, aliangalia kiti, akaangalia chini ya kiti.

"Bibi, kuna koti moja halijarudi."

"Liko mlimani," Shangazi alisema, akafunga mkanda. "Mfuateni mwenye nalo. Ana maneno na ninyi."